Nashinda kwenye tuktuk narudi hoi, mazoezi ya nini tena?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni dereva wa tuktuk, nina miaka 44, nakaa Kisauni, Mombasa. Natoka nyumbani alfajiri narudi saa tatu usiku. Mwezi uliopita nilipima presha dispensari ikatoka 148/94, wiki mbili baadae nikarudia ikawa 146/92. Nikaambiwa kabla sijaanzishiwa dawa nipunguze chumvi, nifanye mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu. Sasa mimi jioni niko hoi, mgongo unauma, na ajabu usingizi wenyewe siupati, alafu siku hizi nimekuwa mkali kwa watoto bila sababu. Wenzangu wa steji wananambia kazi yetu ni mazoezi tosha. Ni kweli? Na kama si kweli nitayafanya saa ngapi? Mke wangu naye kaambiwa sukari yake iko mpakani, yeye afanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam kaka yangu. Nianze na wenzako wa steji, sababu hilo neno kwenye kazi yangu ya fiziotherapia nalisikia kila mara, kwa madereva wa tuktuk, wa matatu, mpaka wa malori ya bandarini. Hapana, kuendesha tuktuk si mazoezi. Kuchoka unachoka, tena sana, hakuna anayebisha, lakini kuchoka ni jambo moja na mwili kufanya kazi ni jambo jengine.

Hebu angalia vile unavyokaa pale. Magoti yamekunjwa, kiuno kimekunjwa, mgongo umepinda mbele, mkono wa kushoto uko kwenye klachi, wa kulia kwenye mafuta, shingo umeitoa nje unatafuta abiria upande wa pili wa barabara. Hivo ndivyo ulivyo masaa kumi na mbili na zaidi. Misuli mikubwa ya mwili, mapaja, makalio, vigimbi, yote imelala. Kwa upande wa misuli, moyo wako haupewi kazi kuliko wa mtu aliyekaa kwenye kochi. Kinachokimbia ni akili peke yake: foleni ya daraja la Nyali, askari wa kaunti, abiria wa shilingi hamsini aliyetoa noti ya elfu, hesabu ya mwenye tuktuk bado haijatimia na saa zinakwenda. Juu ya hayo kuna joto, kelele, moshi na mtikisiko wa barabara. Kila unaposhtuka au kukasirika mwili unamwaga adrenalini na kotisoli kwenye damu, hizi ni homoni za kukutayarisha ukimbie au upigane, moyo unaenda mbio, mishipa inabana, sukari inatoka kwenye ini kuja kwenye damu ili misuli iitumie. Na misuli haiitumii, imekaa. Ndio maana usiku unalala kitandani macho kodo na mwili unasema nimechoka.

Hili jambo lilichunguzwa zamani sana, tena kwa watu wa kazi ya karibu na yako. London, baada ya vita vya pili vya dunia, daktari mmoja anaitwa Jerry Morris alitaka kujua ni kwa nini ugonjwa wa moyo unazidi kuua watu. Akawaangalia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa, dereva na kondakta wake. Watu hawa mazingira yao yanafanana, barabara wanazopita ni zilezile, tofauti kubwa ni kwamba dereva kakaa siku nzima na kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi akikata tikiti, mamia ya ngazi kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953 kwenye jarida la Lancet: makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na waliougua waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi, na haukuwa mkali vile. Watu wakasema ah, labda madereva wanene tu tangu mwanzo. Morris akaenda akatafuta rekodi za yunifomu, vipimo vya viuno vya suruali walizopewa, akakuta hata dereva mwembamba yuko hatarini kuliko kondakta mwembamba. Hio ya suruali nawahadithia wagonjwa wangu wote wembamba wanaojiona wamesalimika. Kwa hivyo ukiangalia matatu yoyote ya Kisauni, kwa upande wa moyo makanga anayeshuka na kupanda kila steji ana afadhali kuliko dereva wake, na wewe kwenye tuktuk ni dereva usiye na makanga.

Sasa tuje kwenye presha yako. 148/94 alafu 146/92, siku mbili tofauti, imeshavuka ule mstari wa 140/90 ambapo tunaanza kusema mtu ana presha, lakini haijaenda mbali, na aliyekwambia uanze na chumvi na mazoezi amekwambia vizuri kabisa. Mtu mwenye presha akitembea kwa kasi mara kwa mara, ile namba ya juu hushuka kama 5 hadi 8, kuna wanaopata zaidi na kuna wanaopata kidogo. Usiidharau, sababu kidonge kimoja cha presha cha kawaida nacho hakishushi zaidi sana ya hapo. Kinachotokea ni hivi, ukitembea haraka damu inapita kwa nguvu kwenye mishipa, na vile inavyosugua kuta za ndani za mshipa ndivyo kuta zinavyotoa nitriki oksaidi, hii ni gesi inayoulegeza mshipa ukapanuka. Njia ikiwa pana presha inateremka. Na raha yake hungoji miezi, ukimaliza kutembea siku hiyohiyo presha inakaa chini kwa masaa kadhaa, wengine mpaka kesho yake. Ndio maana tunang'ang'ania kidogo kidogo karibu kila siku. Ile ya kukaa wiki nzima alafu Jumapili mtu wa miaka 44 anaingia uwanjani kucheza mpira masaa mawili na vijana, mimi siipendi hata kidogo, Jumatatu yake ndio naletewa magoti yamefura na kano ya kisigino imekatika.

Kuna zoezi moja nataka ulijue manake halihitaji uwanja wala viatu. Mwaka 2023 ulitoka uchambuzi uliojumlisha tafiti 270 za mazoezi na presha, na yaliyoongoza kwa kushusha presha, kupita hata kutembea na kukimbia, yalikuwa mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea. Namba ya juu ilishuka kama 8 kwa wastani. Linalotumika sana ni la kukaa ukutani. Egemeza mgongo kwenye ukuta, miguu isogeze mbele hatua moja hivi, teremka taratibu mpaka uwe kama umekaa kwenye kiti na kiti hakipo. Kaa hapo. Mapaja yatawaka moto, usiogope, ndio kazi yenyewe. Lengo ni dakika mbili, pumzika mbili, rudia mpaka mara nne, siku tatu kwa wiki. Lakini usianze na dakika mbili, hutaweza na utavunjika moyo, anza na sekunde 20 au 30 na usiteremke sana, kila wiki ongeza. Muhimu kuliko vyote ni pumzi. Usiizuie. Ukibana pumzi huku umekaza misuli presha inaruka ghafla, kwa hivyo hesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Ukimaliza usisimame ghafla, tembea tembea chumbani kidogo.

Alafu hio ya kukaa ukutani haichukui nafasi ya kutembea, usije ukanielewa vibaya. Kutembea kuna kazi zake nyengine, kwenye mapafu, kwenye sukari, na hasa hapo kichwani.

Hapo kichwani ndipo nataka tukae kidogo, sababu umeandika ukali kwa watoto na kukosa usingizi mwishoni mwishoni kama jambo dogo, na mimi naona ndio jambo lenyewe. Wanaume wa hapa kwetu mgongo watakuonyesha, presha watakuonyesha, lakini kusema sina raha nyumbani kwangu ni kazi, na wewe umesema, nimefurahi. Zile homoni nilizokutajia, adrenalini na kotisoli, mwili uliziumba zitumike kwa kujongea. Ukitembea kwa kasi dakika kumi au ishirini unazitumia vile zilivyokusudiwa, mapigo yanapanda alafu yanashuka yenyewe, misuli iliyokaza mabegani inaachia, ubongo unatoa kemikali zake za kutuliza maumivu na kuleta wepesi. Mtu akifanya hivo wiki baada ya wiki hata yale mambo yanayomshtua yanakuwa hayamshtui sana, manake mwili umeshazoea kupanda na kushuka. Usingizi nao unakuja haraka na unakuwa mzito.

Hili nalo limepimwa. Mwaka 1999 watafiti wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 156 wa miaka 50 kwenda juu waliokuwa na ugonjwa wa sonona, ule huzuni usioisha unaomtoa mtu kwenye maisha. Kundi moja likapewa mazoezi mara tatu kwa wiki, kundi moja dawa ya sertraline, la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ijapokuwa wa dawa peke yake walipata nafuu mapema kidogo zile wiki za mwanzo. Na mwaka 2011 kukatoka utafiti mwengine wa wazee 120, nusu wakatembea dakika 40 mara tatu kwa wiki mwaka mzima, wakapigwa picha za ubongo. Ile sehemu ya kumbukumbu, hipokampasi, ambayo kwa umri ule kawaida hupungua, kwa waliotembea iliongezeka kama asilimia 2, na kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu ilipungua. Kutembea tu huko, hakuna mashine wala jimu ya pesa.

Sisemi mtu anayetumia dawa za akili aziache akatembee, hapana, asiache bila daktari wake. Na wewe ukiona wiki mbili zimepita huna hamu ya chochote, chakula hakipiti, au unawaza heri nisingekuwepo, usingoje mazoezi yafanye kazi, nenda hospitali, Port Reitz kuna kitengo cha afya ya akili, na kwenda pale si aibu wala si uwendawazimu.

Kabla sijasahau, muulize mke wako kama unakoroma sana usiku na kuna wakati pumzi inakatika alafu unashtuka kama mtu aliyezama. Presha, uchovu wa mchana na kukoroma kwa namna hio vikikutana tunashuku ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, na huo peke yake unapandisha presha, itabidi umwambie daktari. Na jengine, sikushutumu, lakini nawajua madereva: kama kuna muguka au miraa inayokusaidia kukaa macho, jua inapandisha presha na mapigo ya moyo na inakula usingizi, alafu kesho unaihitaji tena sababu hukulala. Huwezi kutafuna huku unatafuta presha ishuke. Hizo energy za kopo pia ni hivyohivyo.

Haya, saa ngapi. Shirika la Afya Duniani mwongozo wake wa 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu yake kama ni makali, na siku mbili au zaidi za kutia misuli nguvu. Watu wakisikia 150 wanaogopa. Lakini mwongozo huohuo uliondoa ile sharti ya zamani kwamba lazima iwe dakika kumi mfululizo ndio ihesabiwe, sasa kila dakika inahesabiwa. Kwa mtu wa kazi yako hio ni rehema. Dakika kumi mara tatu, siku tano, umefika 150.

Mimi ningekupangia hivi. Alfajiri, kama unaswali msikitini, pita njia ya mbali wakati wa kurudi, tembea kwa kasi dakika kumi kabla hujawasha tuktuk. Mchana ukiwa kwenye foleni ya steji unangoja zamu, wacha kukaa kiti cha nyuma na simu. Shuka. Shika kile chuma cha pembeni, simama kwa vidole vya miguu, teremka, simama, teremka, mara ishirini, utaona vigimbi vinavyowaka, hivo ndivyo vinavyosukuma damu iliyotuama miguuni irudi juu kwenye moyo. Alafu chuchumaa na kuinuka mara kumi ukiwa umeshikilia chuma hichohicho, alafu weka mikono kiunoni ujinyooshe kwenda nyuma mara tano, hio ni ya mgongo wako, sababu siku nzima umeukunja upande mmoja tu. Dakika nne zimekwisha na hujapoteza abiria. Wenzako watacheka siku mbili tatu, siku ya nne kuna mmoja atauliza hio ya mgongo inafanywaje.

Jioni ndio muhimu kwa watoto wako. Ukishaegesha tuktuk usiingie nyumbani moja kwa moja. Tembea dakika kumi au kumi na tano, kwa kasi, simu iweke mfukoni. Ile hasira ya askari na ya foleni iishie barabarani. Kama pale unapolaza tuktuk ni mbali kidogo na nyumbani basi umepata bure, wacha boda, tembea.

Kasi yenyewe utaijua kwa mdomo: ukiwa unatembea unaweza kuongea sentensi lakini huwezi kuimba, hapo ndio wastani. Ukiweza kuimba wimbo mzima unatalii. Ukishindwa hata kuongea umezidisha, punguza. Hii kanuni inafaa kuliko saa za kupima mapigo, hasa ukija kuanzishiwa dawa kama atenolol siku za mbele, sababu hizo dawa zinashika mapigo ya moyo yasipande na namba za saa zitakudanganya.

Joto la Mombasa lazima tuliongelee manake ushauri mwingi unaoandikwa umeandikwa na watu wa baridi. Hapa kwetu tatizo si jua peke yake, ni unyevu. Jasho linapooza mwili pale linapokauka, na Mombasa halikauki, linatiririka tu, kwa hivyo mwili unazidi kuwa moto na moyo unafanya kazi mara mbili, kusukuma damu kwenye misuli na kuisukuma kwenye ngozi. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, usitembee kwa kasi kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, fanya alfajiri au baada ya magharibi. Mwili unahitaji kama wiki mbili kuzoea mazoezi kwenye joto, hizo wiki mbili nenda taratibu hata ukijiona una nguvu. Ikija kusi kuna upepo na ubaridi, hapo ongeza. Maji kunywa, ya kawaida yanatosha kwa dakika thelathini, huhitaji soda wala glukosi. Madafu ni mazuri pia. Ramadhani usiache kabisa, tembea kidogo pole pole karibu na kufuturu au kwa kasi baada ya tarawehe, utaona hata zile kaimati na viazi vinashuka vizuri.

Siku yako ya mapumziko wachukue watoto na mama yao pwani ya Pirates, au muvuke mwende Mama Ngina upigwe na upepo wa bahari. Mkienda pwani angalia maji, nendeni wakati yamekupwa, mchanga wa chini ulio na maji ni mgumu na tambarare, unatembeka. Ule mkavu wa juu unazama, unavuta kano za kisigino, na pale unapoinama kuelekea baharini mguu mmoja unakuwa chini mmoja juu, mwenye mgongo kama wako hatamaliza kilomita moja. Viatu vya raba vaa, kuna vioo na miba ya mvinje.

Mke wako sasa. Sukari ya mpakani ni bahati, najua haionekani bahati lakini ni bahati, sababu ameonywa mapema na bado inarudi. Kulifanyika utafiti mkubwa Marekani, matokeo yakatoka 2002, watu zaidi ya elfu tatu wenye sukari ya mpakani. Waliofundishwa kula vizuri, kupunguza kama asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kuingia kwenye kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin ilipungua kwa 31. Mazoezi na chakula vilishinda kidonge, na si kwa kidogo.

Sababu yake ni misuli. Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu wenyewe, hata kama insulini, ile homoni ya kuingiza sukari kwenye misuli, imechoka na haifanyi kazi yake vizuri. Kwa hivyo wakati mzuri kwake ni baada ya kula, hasa kile chakula kizito. Mkila pilau au wali wa nazi usiku, asikae chini, wala msimwache aoshe vyombo peke yake alafu alale, tokeni nyote wawili dakika kumi na tano mzunguke mtaa. Wewe unapata presha yako, yeye sukari yake, na mtaongea, mchana kutwa hamwonani. Akiwa peke yake na hapendi kutembea nje usiku, ngazi za jengo zinatosha, au ndani ya nyumba kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika kitu mara kumi, apumzike, arudie mara tatu. Aongeze na kuinua vidumu vya maji vya lita tano, kimoja kila mkono. Kina mama msidharau hio ya nguvu, baada ya miaka 30 na kitu misuli inaanza kupungua kila mwaka usipoitumia, na msuli ukipungua sukari inakosa pa kwenda. Buibui haizuii chochote, ila viatu abadilishe, sandozi za kuteleza si za kutembelea kwa kasi. Akipata jirani wawili wa kutoka nao baada ya swala ya alfajiri ndio vizuri zaidi, kina mama wakiwa kundi hawaachi.

Akija kuanzishiwa dawa za sukari za kushusha kwa nguvu kama glibenclamide au sindano ya insulini, hapo amwambie daktari kwamba anafanya mazoezi, na asitembee bila tende au peremende mfukoni, akitetemeka na jasho baridi likimtoka ale.

Mizani sasa, sababu najua mtakimbilia mizani. Mazoezi peke yake hayapunguzi uzito sana, nusu saa ya kutembea haifuti sahani ya viazi karai na soda. Uzito uko jikoni zaidi. Watu wengi wanatembea mwezi mzima, wanapanda mizani, hakuna kilichobadilika, wanaacha, na kumbe presha imeshuka, sukari imeshuka, wanalala. Inauma kuona mtu anaacha dawa nzuri hivo kwa kuangalia namba isiyohusika. Nyinyi kipimo chenu kiwe presha, sukari, usingizi, na vile watoto wanavyokukimbilia ukifika mlangoni. Chumvi fuata ulivyoambiwa, achari na chumvi ya kunyunyizia kwenye mihogo pia ni chumvi.

Maumivu ya mapaja na vigimbi siku mbili za mwanzo ni kawaida. Lakini ukisikia kifua kinabana, maumivu yanayopanda shingoni au kwenda mkono wa kushoto, kizunguzungu, pumzi kukata kuliko kazi unayofanya, simama hapohapo, na yakizidi dakika chache uende hospitali, usiende kwanza kumalizia abiria. Ganzi inayoshuka mguuni mpaka kwenye unyayo pamoja na huo mgongo, njoo tuuangalie.

Hio miezi mitatu pima presha kila baada ya wiki mbili, na uipime sawasawa. Usiingie dispensari umetoka kwenye foleni ya Bombolulu ukanyoosha mkono. Kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini usiipandanishe, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na nusu saa kabla usiwe umekunywa kahawa, umevuta sigara au umetembea kwa kasi. Ipimwe mara mbili, dakika moja katikati, andika zote na saa uliyopima kwenye daftari ile unayoandikia hesabu. Siku ukikuta 180/110 au zaidi, siku hio hakuna mazoezi, nenda hospitali. Na ikifika miezi mitatu umefanya yote haya na bado iko juu ya 140/90, kubali dawa bila kinyongo, na kutembea endelea nako vilevile, sababu mara nyingi anayetembea dawa inayomtosha inakuwa ndogo.